Asiyekubali Kushindwa: Imani ya Wazanzibari katika Kura



Nimeombwa nizungumzie misingi ya demokrasia na sababu za imani ya watu kupungua. Mada ya namna hii ina mtego wake. Mzungumzaji huanzia Athens, akapita Uingereza na Ufaransa, akahesabu nguzo moja baada ya nyingine, saa ikamwishia kabla hajavuka bahari kufika Unguja. Mimi nitaanzia hapa hapa, tena kwa hesabu mbili.

Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Dk. Salmin Amour wa CCM kuwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 ya kura. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF alipewa 49.8. Tofauti yao haikufika kura 1,600. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif yule yule akapewa 49.1. Tofauti haikufika kura 3,500.

Matokeo yanafanana, lakini yaliyofuata ni mbingu na ardhi. Baada ya 1995 CUF walikataa matokeo na kususia vikao vya Baraza la Wawakilishi, wafadhili wakazuia misaada, watu 18 wa chama hicho wakafunguliwa kesi ya uhaini. Majirani walisusiana maduka, harusi na hata mazishi. Uchaguzi wa 2000 uliporudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, CUF hawakushiriki marudio hayo, na Januari 2001 polisi walifyatulia risasi waandamanaji. Tume ya Serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Human Rights Watch ilisema havikupungua 35. Watu kwa mamia walikimbilia Shimoni, Kenya, na kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wa kwake.

Baada ya 2010 hakuna aliyekimbia. Maalim Seif alikubali matokeo, akala kiapo cha Makamu wa Kwanza wa Rais, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Wapigakura ni wale wale, mgombea wa upinzani ni yule yule, na ushindi ni mwembamba vile vile. Basi kilichobadilika ni nini? Nikiweza kulijibu swali hilo, nitakuwa nimezungumza juu ya demokrasia na juu ya imani kwa pamoja. Na jibu langu nalitoa mapema: watu huiamini kura pale wanapoona kwamba kila anayegombea, mwenye dola na asiye na dola, anaweza kushindwa na akakubali kwamba ameshindwa.

Zama za siasa

Wazee wetu wanaposema "zama za siasa" hawakusudii siasa za leo. Wanakusudia miaka ile kuanzia 1957 hadi 1963, wakati wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi (ASP) na, baadaye, ZPPP. Kura ya kwanza ilipigwa Julai 1957 kwa viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria. Januari 1961 ikapigwa ya pili kwa viti 22: ASP walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa ASP kwa kura moja. ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja ASP, zikawa 11 kwa 11, na serikali ikakosekana. Juni mwaka huo huo wakarudia, kikiwa kimeongezwa kiti cha 23. Siku ya kura na zilizofuata zilizuka ghasia zilizoua watu 68 hapa Unguja.

Kisha ikaja Julai 1963. ASP walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata 18 na kuunda serikali. Kisheria hapakuwa na kosa. Mfumo ulikuwa wa majimbo, na ASP walirundika kura nyingi mno katika majimbo yao na kukosa kidogo kidogo kwengine. Lakini mwambie mtu wa Ng'ambo wa 1963 kwamba chama chake kimepata kura nyingi kuliko wenzake na bado kimeshindwa, kisha umtake aridhike. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye.

Sisemi kwamba Mapinduzi yalitokana na mipaka ya majimbo peke yake. Ardhi, rangi, kazi na historia ya utumwa vilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba kura ilishindwa kuwa njia ya kuyasemea mambo hayo, na walioshinda kwa nguvu hawakujifunza kwamba kura inataka kurekebishwa. Walijifunza kwamba inaweza kuachwa. Zanzibar haikuchagua wawakilishi wake hadi 1980. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Mapinduzi alikuwa na umri wa miaka 16 ndipo akaona foleni ya kwanza ya kuwachagua, tena ya chama kimoja.

Kuna msingi wa demokrasia unaojificha ndani ya habari hii, nao hautajwi sana katika vitabu vya uraia. Wengi ndio watawale. Hilo kila mtu analijua. Lakini aliyekosa leo lazima aone njia ya kupata kesho. Njia hiyo ikiziba, atatafuta nyengine.

Kilichofanyika kabla ya 2010

Rudini sasa kwenye zile hesabu mbili. Kati ya 1995 na 2010 Zanzibar ilipita katika mapatano matatu. La kwanza ni Muafaka wa Juni 1999, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola chini ya Chifu Emeka Anyaoku. La pili ni Muafaka wa Oktoba 2001, uliozaliwa na damu ya Januari. Kutokana na huo Tume ya Uchaguzi ikapata wajumbe wawili waliopendekezwa na upinzani. La tatu ni Maridhiano, yaliyoanza tarehe 5 Novemba 2009 pale Rais Amani Abeid Karume alipomkaribisha Maalim Seif Ikulu, bila mpatanishi kutoka nje.

Mapatano mawili ya mwanzo yalibaki mikononi mwa vyama. La tatu lilipelekwa kwa wananchi. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66 walisema ndiyo. Katiba ikabadilishwa. Chama cha pili kwa kura kikahakikishiwa Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri kwa kadiri ya viti vyake. Watu walikwenda kwenye uchaguzi wa Oktoba wakijua, kabla ya kura ya kwanza kuingia sandukuni, kwamba atakayekosa hatafukuzwa nchini kwake.

Hilo ndilo lililobadilika. Tabia za watu wa Mkwajuni au wa Malindi zilikuwa zile zile. Kanuni ilikubaliwa mapema, ikapitishwa na wananchi wenyewe, na ikampunguzia aliyeshindwa hofu ya kushindwa. Watu waliosusiana mazishini walianza kuzikana tena. Anayetaka kupima demokrasia kwa kipimo cha Kizanzibari, basi apime kwa hilo.

Oktoba 2015

Lakini Maridhiano yalikuwa na tundu. Yalimlinda mtu aliyeshindwa, hayakuilinda kura. Mwaka 2010 waliotakiwa kukubali kushindwa walikuwa wapinzani, nao wakakubali. Hakuna aliyejua ingekuwaje siku upande wa pili utakapotakiwa kufanya hivyo.

Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura. Kesho yake Maalim Seif alitangaza hadharani kwamba hesabu zake zinaonyesha ameshinda, jambo ambalo sheria haimpi mgombea. Tarehe 28, wakati matokeo ya majimbo yakiendelea kutangazwa katika Hoteli ya Bwawani, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alionekana kwenye televisheni akisema uchaguzi wote umefutwa. Alitaja sababu: mgogoro kati ya wajumbe wa Tume, kasoro katika vituo, hususan Pemba, na huko kujitangazia ushindi. Wanasheria walibishana ni kifungu gani kilichompa mamlaka ya kufuta uchaguzi mzima. Waangalizi wa Umoja wa Afrika, SADC, Jumuiya ya Madola na Umoja wa Ulaya walitoa tamko la pamoja la wasiwasi.

Kilichowakaa watu moyoni zaidi, hata hivyo, kilikuwa jambo dogo lisilohitaji mwanasheria. Siku ile ile, katika skuli zile zile, mpigakura yule yule alipiga kura ya Rais wa Zanzibar na kura ya Rais wa Muungano. Ya kwanza ikafutwa kwa kuwa na kasoro. Ya pili ikahesabiwa na mshindi akaapishwa.

Marudio yalifanyika tarehe 20 Machi 2016 bila CUF. Dk. Shein alipata asilimia 91. Hakuna chama kingine kilichofika kiwango cha kuingia Serikali ya Umoja, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu miaka minne na ushei. Marekani, kupitia shirika lake la Millennium Challenge, ilisitisha msaada wa dola milioni 472 kwa Tanzania. Mwaka 2010 karibu watu 9 kati ya kila 10 walioandikishwa walijitokeza kupiga kura. Mwaka 2016, kwa takwimu za Tume yenyewe, walikuwa chini ya 7.

Kila uchaguzi unapokwisha hapa, redio hutukumbusha methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Husomewa aliyekosa, ili anyamaze. Lakini methali haikusema ni nani. Inamhusu kila aliyeingia uwanjani, na inamhusu zaidi mwenye dola, kwa sababu yeye peke yake ndiye mwenye uwezo wa kukataa kushindwa na bado akabaki ofisini. Tangu 1964 Zanzibar imeongozwa na ASP na kisha CCM, na haijatokea hata mara moja chama kilichomo madarakani kutangazwa kimeshindwa. Wapo wanaosema ni kwa sababu wananchi wanakipenda. Inawezekana. Ila huwezi kulithibitisha kwa kura ambayo watu wengi hawaiamini. Na hasara hiyo inawaangukia hata walioshinda kwa haki.

Imani ipi iliyopungua?

Hapa nataka tutofautishe mambo mawili. Afrobarometer, wanaohoji wananchi wa nchi nyingi za bara hili, walieleza katika ripoti yao ya 2024 kwamba katika nchi 39 asilimia 66 ya watu bado wanaipendelea demokrasia kuliko utawala wa aina nyengine. Katika nchi 30 walizozifuatilia kwa muongo mmoja, kiwango hicho kilishuka kwa pointi 7. Lakini wanaoridhika na jinsi demokrasia inavyoendeshwa kwao hawafiki nusu. Maana yake, wengi wanakitaka kitu na hawaridhiki na wanachouziwa.

Ndivyo tulivyo hapa. Mnunuzi wa Darajani akiishuku mizani haachi kula wali. Anadai mizani ikaguliwe. Kaa Jaws Corner penye kahawa na upinzani wake, kisha uende Kisonge, Michenzani, penye maskani ya CCM. Hutasikia popote kati ya sehemu hizo mbili mtu akisema anataka kutawaliwa na asiyemchagua. Utakachosikia kwa vijana ni swali: kuna haja gani ya kupanga foleni? Hilo ni swali juu ya mizani. Tukilichukulia kama kuikataa demokrasia tutawapa dawa isiyokuwa yao: semina za uraia, nyimbo za amani, mabango ya "kura yako ni sauti yako." Kijana anajua kwamba kura ni sauti yake. Anauliza imefika wapi.

Nikisema mizani, nina mambo matatu akilini.

La kwanza ni daftari. Ili uandikishwe kuwa mpigakura unahitaji kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kilichoanzishwa kwa sheria ya 2005, na ili ukipate lazima sheha wako akutambue kuwa mkaazi. Sheha ni mtu wa karibu mno: anajua nani kazaa, nani kahama, nani kagombana na mkewe. Kwa kazi nyingi hakuna anayefaa kuliko yeye. Lakini sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, ambaye huweza kuwa mgombea. Malalamiko ya watu kunyimwa vitambulisho yamesikika uchaguzi baada ya uchaguzi, na ya watu wasio wakaazi kupewa yamesikika vile vile. Sheha akiwa mwadilifu, nafasi yake inamtia shakani bure. Akiwa si mwadilifu, hakuna wa kumzuia. Kwa hiyo mfumo wenyewe unawaumiza hata masheha wema.

La pili ni matokeo. Kura huhesabiwa kituoni, mbele ya mawakala, na fomu hutiwa saini. Hapo ndipo palipo na ukweli ambao watu wameuona kwa macho. Kadiri hesabu inavyopanda kutoka kituoni kwenda jimboni na kutoka jimboni kwenda Tume, ndivyo wanaoiona wanavyopungua. Dawa yake ni rahisi: fomu ya kila kituo ibandikwe ukutani, kila wakala apewe nakala, na Tume itoe hadharani matokeo yote ya kituo kwa kituo, ili mwalimu wa hesabu wa Makunduchi aweze kujumlisha mwenyewe. Kura ya mapema, iliyopigwa siku moja kabla mwaka 2020 na tena 2025 kwa ajili ya askari na watendaji wa uchaguzi, iwekewe uwazi huo huo au iondolewe.

La tatu ni mahakama. Katiba ya Muungano na ya Zanzibar zote zinazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la Jebra Kambole kwamba zuio la Katiba ya Muungano linakiuka Mkataba wa Afrika. Jirani zetu wameufungua mlango huo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Februari 2020 Malawi ikafanya hivyo, na uchaguzi uliporudiwa Juni mpinzani akashinda. Tazameni tofauti na Jecha: uchaguzi uliweza kubatilishwa, lakini kwa ushahidi, mbele ya pande zote, kwa hukumu iliyoandikwa sababu. Penye mlango wa mahakama aliyekosa hupeleka karatasi. Ukifungwa, hoja yake inabaki barabarani.

Maridhiano si badala ya kura

Najua kuna hoja inayosemwa kwa nia njema: ya nini kuhangaika na hesabu, maadamu tuna mfumo wa Serikali ya Umoja? Baada ya uchaguzi wa 2020, uliompa Dk. Hussein Ali Mwinyi wa CCM asilimia 76 na Maalim Seif, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chini ya 20, na ambao ulitanguliwa na vifo Pemba, ACT-Wazalendo waliyalalamikia matokeo na bado wakaingia serikalini mwezi Disemba. Maalim Seif alifariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman. Nchi ilitulia. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini utulivu unaotokana na viongozi kugawana nafasi una ukomo. Mwananchi anayeona kwamba yaliyoamuliwa sandukuni yanapangwa upya mezani hujifunza kwamba meza ndiyo muhimu. Halafu tunamlaumu akiacha kwenda kwenye sanduku. Umoja wa kitaifa una thamani pale unapojengwa juu ya kura inayoaminika, kama ulivyojengwa Julai 2010. Ukijengwa badala ya kura hiyo, unageuka kuwa fidia, na fidia hulipwa kwa viongozi, wapigakura hawaioni.

Oktoba 2025 ilitukumbusha hayo kwa ukali. Hapa Visiwani Dk. Mwinyi alitangazwa kwa karibu asilimia 75, na ACT-Wazalendo wakayakataa matokeo. Bara kulikuwa na maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje na intaneti kuzimwa, huku Tume ya Muungano ikitangaza ushindi wa karibu asilimia 98. Ujumbe wa waangalizi wa Umoja wa Afrika ulisema uchaguzi huo haukufuata kanuni za Umoja huo. Kwa miaka mingi Bara ilizoea kuitazama Zanzibar kama mahali penye matatizo ya uchaguzi. Sasa maradhi ni ya pamoja, na dawa pia itabidi iwe ya pamoja.

Hitimisho

Ndugu zangu, sikuja kumwambia mtu achague nani. Nina maneno matatu tu ya kuagana nayo.

Kwa wenye dola: itoeni kazi ya kumtambua mpigakura mikononi mwa aliyeteuliwa na mgombea, chapisheni matokeo ya kila kituo, na fungueni mlango wa mahakama. Mkishinda baada ya hapo, ushindi wenu utaheshimiwa hata na Jaws Corner.

Kwa wapinzani: msijitangazie ushindi, msisusie kila mnapokasirika, na mjenge mawakala wanaojua kuandika na kutunza fomu. Hoja ya kweli bila karatasi hupotea.

Kwa sisi wananchi, na hasa vijana: siku zile tulipoacha kuzikana tulijidhuru kuliko tulivyodhuriwa na Tume yoyote. Zikaneni, oaneni, nunulianeni, na bado mbishane. Na mwaka 2030 ukikaribia, msingoje Oktoba. Daftari litafunguliwa kabla ya hapo. Nendeni mapema mkaangalie kama majina yenu yamo.